Sijambo ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alitunga uzi kwenye sindano ya cherehani ya mama yake. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilisikika hadi kwa jirani. Lakini siku hizi sauti yake ilikatika katikati ya mshono. Mama alishika kifua, akatweta, kisha akasema, "Nimechoka tu, mwanangu." Alilala ameketi, ameegemea mito, kwani akilala chali pumzi zilimkatika. Kasuku aliogopa hata kusinzia, asije akaamka akamkuta mama hapumui.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Daktari alikuwa mtu mweupe, mpole, mwenye haraka.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, daktari."

"Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

Daktari alimsikiliza kifua mara moja. "Vali ya moyo wako, kile kilango kinachopitisha damu, imekaza kidogo. Lakini unajiweza. Nyinyi watu weusi mna miili migumu, bwana! Meza dawa hizi, tuonane mwakani."

Mwakani! Kasuku alimkumbuka mteja wao, bibi mmoja mweupe aliyeleta gauni lipunguzwe. Naye vali yake ilikaza, na daktari huyu huyu alimpeleka akapigwe picha ya moyo wiki ile ile, kisha akabadilishiwa vali. Sasa anapanda ngazi huku akiimba. Mama yeye alipewa vidonge na sifa.

Mama alikwisha kusimama. Alimfinya Kasuku pajani, ishara kwamba watoto hawaingilii mazungumzo ya wakubwa. Kasuku alimwogopa mama na alimwogopa daktari, lakini kumpoteza mama alikuogopa zaidi.

"Daktari, hiyo sijambo ni ya salamu tu!" alisema huku akilia. "Mama anaumwa. Hawezi kulala chali. Miguu inavimba mpaka viatu havimwingii. Juzi alianguka jikoni, akaniapisha nisimwambie mtu."

"Nyamaza, we mtoto!" mama alimkemea.

"Na mteja wetu mweupe ulimpeleka kupigwa picha upesi. Mbona mama yangu unamwambia mwakani?"

Muuguzi mzee aliyekuwa akipanga dawa aliweka sinia chini. "Mtoto ameuliza, daktari. Hata mimi nilipaswa kuuliza zamani. Wagonjwa weusi wengi tunawarudisha nyumbani hivi hivi."

Uso wa daktari uliiva. Aliketi tena. "Mama, niambie kweli. Unaumwa?"

Mama aliinamisha kichwa. "Naumwa, daktari. Naogopa hata kuoga peke yangu."

Picha ilipigwa siku hiyo. Vali ilikuwa imebakiza upenyo mdogo mno, na daktari alikiri kwamba mama asingefika mwakani. Siku ya upasuaji wa kubadilisha vali, Kasuku aliketi na shangazi yake wakiutazama mlango. Kila ulipofunguliwa, Kasuku alisimama. Hatimaye daktari alitoka, barakoa ikining'inia shingoni.

"Moyo unapiga vizuri," alisema. "Nilimkosea mama yako. Nisamehe."

Mama alipopata nguvu ya kuzungumza, muuguzi alikuja kitandani kwake. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia. "Lakini kosa si lako peke yako. Sisi tunalipwa kuuliza na kupima, na rangi ya mtu si kipimo."

"Na wale wengine mliowaambia wana miili migumu?" mama aliuliza.

Muuguzi alivuta shuka ya mama, akaitengeneza polepole. "Tumeanza kuwaita wapimwe upya. Wengine wamekuja. Wengine tumeambiwa walishazikwa." Akamgeukia Kasuku. "Ndiyo maana nakwambia, mjukuu wangu, ukiona jambo haliko sawa, uliza siku hiyo hiyo."