Saa Moja na Nusu Kutoka Resolute

"Ukungu, mpenzi. Hapa Resolute hata mkono wako huuoni. Ndege haitoki leo."

Simu sikioni, Ningiuk alitazama kompyuta mbele yake. Taarifa ya hali ya hewa ya Resolute ilikuwa imeingia dakika tano tu zilizopita: anga jeupe, hakuna wingu.

"Tatigat, umesahau mimi nafanya kazi gani?"



Kazi ya Ningiuk ilikuwa kupima hali ya hewa na kuongea na marubani kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Grise Fiord, kijiji cha barafu kaskazini kabisa mwa Kanada.

"Ndege ishapaa. Rubani ameniita kwenye redio sasa hivi. Ila wewe humo. Na hii ni mara ya tatu!"

"Nitakuja Jumatano. Nikueleze ana kwa ana."

Kilomita karibu mia nne, saa moja na nusu angani. Miaka miwili walipendana hivyo, kwa simu na kwa ndege. Agosti wafunge ndoa, Tatigat ahamie kwake.

Jumatano alishuka kweli. Mikono mitupu.

"Begi lako liko wapi?"

"Sikuja kukaa, Ningiuk. Narudi na ndege hii hii."

"Unasemaje?"

"Kuna mwanamke kule Resolute, Elisapi. Ana mtoto. Miezi mitano. Ni wangu."

Ningiuk alihesabu kwa vidole.

"Mwezi wa nne mwaka jana. Uliniambia umepeleka wageni kuwinda dubu."

"Nilikosa."

"Dubu, Tatigat! Nikawa nakuombea usiliwe!"

"Mtoto ameanza kunijua. Nikitoka analia. Siwezi kumwacha."

"Na mimi ninayelia?"

Tatigat alijaribu kumshika bega, Ningiuk akarudi nyuma, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Redio ikaita. Alikuwa rubani Gaétan.

"Dada, naona ukungu kule baharini. Vipi, turuke au tulale? Ukisema tulale, tunalala."

Ningiuk alisogea dirishani. Ukungu ulikuwepo, ila mbali. Neno moja tu, na Tatigat angekwama hapa siku mbili, labda tatu. Ningiuk angempikia supu ya sili, nyama ya baharini. Angembembeleza. Huenda angelainika.

Huko Resolute mtoto angelia.

Akabonyeza kitufe.

"Ukungu uko mbali, kaka. Njia nyeupe. Rukeni."

"Sauti yako vipi? Unaumwa?"

"Mafua tu."

Ndege ilipaa. Akapiga simu Resolute, kama kazi ilivyomtaka.

"Wameondoka. Watafika saa tisa na dakika arobaini."

"Abiria wangapi?"

"Mmoja."

Akaichukua simu yake ya mkononi. Ujumbe wa Tatigat, aliotuma kabla ya kupaa: *Nisamehe. Nilikupenda kweli.*

Aliusoma mara mbili, akaandika: *Usimdanganye Elisapi pia.* Kisha akalifuta jina la Tatigat kwenye simu.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi dirishani, ameinamia koti jeupe la arusi, anashona shanga za mwisho kifuani.

"Nimesikia ndege! Mkwe wangu yuko wapi? Aje alitazame, aone litakavyokupendeza."

"Mama, acha kushona."

"Zimebaki shanga nne tu, binti yangu."

"Acha, mama."

Mama akainua macho, akamtazama. Alichomeka sindano kwenye kitambaa, akalikunja koti taratibu, akamnyooshea mwanawe mikono. Ningiuk akapiga magoti, akaficha uso mapajani mwake, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.