Jina Alilolipigia Chafya

Mtoto wa Chepngeno alikuwa bado hajaitiwa jina. Nyanya wa mumewe, Kogo Chepchirchir, alikuwa amezuiwa na matope huko Ndanai, na ndiye aliyejua kuwataja wazee waliokufa, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yake.

Alasiri hiyo mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati na kuchana majani ya chai huko nje. Chepngeno alimnyonyesha mtoto huku akibishana na jirani yake Nyanchoka kuhusu tamthilia waliyoifuata kwa simu. Swali lilikuwa moja: yule Mfunika-Uso, anayeiba pumzi za watoto wachanga, ni nani hasa?

"Ni malkia," Chepngeno alisema.

"Wacha! Malkia ni mwoga hivyo, ataiba nini?"

"Basi ni mganga Suredi."

"Aki wewe hujui kutazama. Ni yule mfalme aliyezikwa akiwa hai. Ni Moreto."

Mtoto akapiga chafya.

Nyanchoka alicheka akashika mbavu. "Umeona? Hata mwanao ameniunga mkono!"

Chepngeno hakucheka. Shuka la mtoto lilikuwa limeanza kunuka udongo mbichi.

Tangu hapo mtoto akakataa ziwa. Hakulia. Alitazama tu nyuma ya bega la mama yake, na Chepngeno alipoweka sikio kwenye kifua chake kidogo, alisikia kitu kikikwaruza humo ndani, polepole, kama kucha juu ya ubao.

Asubuhi Kogo alifika, akaketi, akaanza kuita majina ya wazee. Mtoto hakupiga chafya. Akanusa hewa.

"Nani ametaja majina mbele ya mtoto huyu?"

"Tulikuwa tunabahatisha tu, Kogo," Chepngeno alinong'ona. "Ni mtu wa hadithi. Hayuko."

"Alikuwa hayuko. Sasa mmempa mahali." Kogo alishusha sauti. "Jina hilo lisitajwe tena. Mtoto akimwitikia mtu wa kwetu kwanza, huyo mgeni atatoka. Lakini mgeni akisikia jina lake kwanza, atakaa."

Chepngeno akafunga mlango, akampakata mwanawe, akaomba kimoyomoyo huku Kogo akiita Arap Tonui, akiita Arap Chumo, na harufu ya udongo ikizidi mpaka koo zikawawasha, na mkwaruzo ukisikika sasa bila hata kuweka sikio, mpaka Kogo alipotaja Kimalel, babu aliyepanda chai ya kwanza kwenye shamba lile, na mkwaruzo ukakatika ghafla, na pua ya mtoto ikajikunja, na mdomo wake ukafunguka.

Mlango ukasukumwa.

"Chepngeno!" Nyanchoka aliinua simu juu, uso ukimeremeta kwa furaha. "Si nilikuambia? Wamemfunua leo! Ni Moreto!"

Mtoto akapiga chafya.

Kisha mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, alinyoosha mikono yake miwili, akashika ukingo wa shuka, akalivuta taratibu, akajifunika uso.