Gauni la Msimamizi

Fundi Issa hakuwa amefungua duka siku hiyo. Simu yake haikupatikana, na muuza viatu wa jirani akasema amekwenda msibani Igunga, ufunguo kaondoka nao. Julieth akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Kitambaa chake kile pale juu ya meza, kimekunjwa vilevile alivyokileta wiki tatu nyuma. Mkasi haujakigusa.

Kesho yake saa tatu asubuhi mdogo wake, Recheli, alikuwa anafunga ndoa. Julieth ndiye msimamizi wa bibi harusi.

Kushona alijua, na cherehani ya marehemu mama yake ilikuwepo nyumbani. Alichokosa ni kitambaa. Akashuka Mtendeni mbio mbio, jua linazama, wenye maduka wanateremsha milango waende kuswali Magharibi. Kila alipobisha aliambiwa arudi kesho.

Ndipo akaona mlango mmoja wa nakshi, katika zile nyumba za zamani, uko wazi nusu.

Ndani mlinukia karafuu maiti. Bibi mmoja alikuwa ameketi mkekani, furushi mapajani, kiganja kimeshikilia kidevu kama mtu anayeumwa jino.

"Shikamoo bibi. Natafuta kitambaa cha gauni."

"Marahaba. Sogea nikupime."

Hakutumia futi. Alimpima kwa mkono mmoja, kiunoni, kifuani, shingoni... Ule mwingine haukutoka kidevuni. Vidole vyake vilikuwa baridi, vinateleza kama sabuni iliyolala majini. Julieth akavumilia. Bibi akatoa kwenye furushi kitambaa cheupe, kizito, chenye mng'ao.

"Bei gani, bibi?"

"Kivae tu," akanong'ona. "Ukishakivaa, nimelipwa."

Saa moja na nusu Julieth alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Kukata kulimpa taabu. Mkasi uliteleza kama unapita kwenye ngozi ya kuku. Kitambaa kilikuwa na unyevu, na alipokipitisha pasi ukapanda moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua. Akafungua dirisha, akaendelea.

Kila sindano ilipotoboa, palitoka tone.

Dogo. La manjano.

Alidhani ni mafuta ya cherehani. Akalifuta kwa kidole, akakinusa kidole.

Hayakuwa mafuta. Ilikuwa harufu ya kidonda kilichofungwa bendeji siku nyingi. Mate yakamjaa mdomoni, akayatema dirishani. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na Recheli hakuwa na dada mwingine. Akaunga mabega, akaunga ubavu, kisha akalivaa gauni ajipime.

Lilimkaa sawasawa, kila mahali. Alipolivua lilimng'ang'ania mgongoni, likatoka polepole, kwa mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda kibichi.

Ikabaki pindo. Akaliweka chini ya sindano, akakanyaga.

Krak.

Sindano imevunjika. Kulikuwa na kitu kigumu ndani ya mkunjo. Akaingiza vidole viwili, akakivuta kwenye mwanga.

Ukucha. Mzima, wa dole gumba la mguu. Chini yake nyama bado laini.

Julieth alitapikia uani. Jirani yake, Bi Sikuzani, akamsikia, akaja akijifunga khanga. Huyu mama alikuwa mwosha maiti wa mtaa, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Alimshika Julieth mgongo, akamsikiliza, kisha akaingia ndani. Akaliinua lile gauni kwa ncha za vidole, akageuza pembe moja iliyochanika.

"Umekipata wapi hiki?"

"Mtendeni, mama. Kwa bibi mmoja."

"Hapa nilichana mimi, kwa meno yangu. Juzi Jumatano. Nilikosa kamba ya kumfungia marehemu kidevu." Sauti yake ilishuka. "Hiki ndicho nilichomkaushia. Nikakifukia mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, kulekule Mtendeni."

"Alikuwa amekishika," Julieth akanong'ona. "Kidevu."

Bi Sikuzani aliyeosha waliozama na walioungua bila kugeuza uso, aliinama kizingitini akatapika.

Alipojifuta mdomo aliuliza neno moja tu.

"Umelivaa?"

"Nilijipima tu."

Bi Sikuzani aliliachia gauni likaanguka sakafuni. "Marehemu alikuwa na donda mgongoni," akasema, "halikupona miaka saba. Wengine walisema karogwa, wengine walisema mchawi ni yeye mwenyewe. Mimi nilimwosha tu. Sikuuliza."

Walilichoma gauni kwa mafuta ya taa. Lilichuruzika kama mafuta ya nyama. Kisha Bi Sikuzani akatandika mkeka uani, akamlaza Julieth, akamwosha jinsi alivyozoea kuosha. Kulia kwanza, halafu kushoto. Mara tatu, kwa sabuni na ndimu. Julieth alifumba macho. Aliyasikia maji yakidondoka kwenye beseni, mazito.

"Harufu imetoka, mama?"

Bi Sikuzani aliwahi kulimwaga beseni kabla Julieth hajageuka.

"Imetoka."

Asubuhi Julieth alisimama kanisani kando ya mdogo wake, amevaa kitenge cha kuazima. Recheli hakuuliza habari za gauni. Padri alipowasogelea na pete, alisita kidogo, akameza mate, akaendelea. Recheli alikuwa amegeuza uso pembeni, shela imebanwa puani.

Kwenye sherehe Bi Sikuzani alikuja kuketi naye meza moja. Likaletwa sinia la pilau, nyama imejaa juu, inachuruzika mafuta. Inzi walilizunguka mara moja.

Kisha wakaliacha.

Walitua kwenye mgongo wa Julieth, mmoja mmoja, wakatulia pale.

"Ulisema imetoka," akanong'ona.

Bi Sikuzani hakumtazama. Alifungua ncha ya khanga yake, akaanza kumpepea mgongoni, taratibu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula kabla hakijapoa."