Wandindi Isiyoimbiwa

Chumvi iliisha saa kumi na mbili na nusu jioni, mbuzi wa tano akiwa kwenye makaa na wakwe wakiwa wamekaa. Wacuka angeweza kumtuma mtu. Uani kwake Kisaju kulijaa wasichana wenye miguu mizuri ya kutumwa, lakini alijifunga leso akasema ataenda mwenyewe dukani kwa Mbeke, ng'ambo ya zile ploti ambazo hazijajengwa. Ukweli ni kwamba alitaka kupumua. Ilikuwa ngurario ya binti yake Wanjira, siku ambayo bwana harusi hukata bega la mbuzi mbele ya koo mbili na tangu hapo hakuna wa kusema hawajaoana. Siku kama hiyo mama wa bibi harusi hupigwa picha kumshinda mbuzi, na mashavu ya Wacuka yalikuwa yamechoka kutabasamu.

Kabla ya kutoka alipita kwa kaka yake, Muturi, aliyekaa pembeni ya hema na wandindi magotini. Hiyo ndiyo fidla ya Wakikuyu, mti na ngozi na uzi mmoja tu. Hii ilikuwa ya baba yao, marehemu mzee Wainaina. Wacuka akamwinamia sikioni.

"Usiiguse mpaka nirudi. Si unajua."

Muturi akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na njia nyingine ya kuitikia. Miaka mitatu nyuma pikapu yake ilibingirika kwenye barabara ya Namanga, karibu na Isinya, ikamwacha na tundu kooni na bila sauti. Mbugua, mwana wa Wacuka wa miaka tisa aliyekaa kando yake, alikufa pale pale. Wacuka alisimama kanisani akasema amemsamehe kaka yake. Watu walilia, pasta naye akalia, na tangu siku hiyo Muturi akawa anakula kwa dada yake kama mtoto wa nyumba.

Sasa sikia sheria ya mzee Wainaina, maana balaa lote limekaa hapo. Wandindi ile haikuvutwa kimya. Anayeivuta sharti aimbe, au aimbiwe, na wimbo uanze na neno *thaai*, amani, lile la wazee katika maombi. Mzee alisema wimbo ukikosa maneno, kila anayesikia huutilia ya kwake. Zamani, kule Ngong, aliwahi kuicheza akiwa na koo bovu, na marafiki wawili waliokuwa wakinywa pamoja walizikwa wiki moja. Zaidi ya hapo hakueleza, na nani angemuuliza? Kwa hivyo Muturi alipopoteza sauti, waligawana kazi: kaka avute, dada aimbe. Wakiwa wawili hivyo, walikuwa wamewakumbatisha ndugu wasiosalimiana miaka kumi.

Mbeke alikuwa akimpa paketi ya chumvi wakati uzi ulipolia.

Mlio ulikuwa mwembamba. Ulivuka ploti zile tupu, ukaingia dukani, ukakaa.

Mbwa wa jirani akanyamaza katikati ya kubweka. Mbeke, mwanamke wa utani na kicheko, aliyemkopesha Wacuka sukari miaka yote hiyo, aliikamata meza kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta kisu cha kukatia mkate. Alimtazama Wacuka kwa macho ambayo Wacuka hakuwahi kuyaona usoni pake.

"Mama Wanjira," akanong'ona. "Toka hapa. Toka sasa hivi."

Wacuka akakimbia.

Ilivyokuwa alielezwa baadaye. Mzee Katoo, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mpole aliyetoka Kajiado na shuka jipya begani, aliona wandindi imekaa bure akaomba asikie kidogo. Muturi akatikisa kichwa. Katoo akadhani ni unyenyekevu, akaomba tena. Na siku ya ngurario mkwe hanyimwi neno. Wazee wa nyumba wakaanza kumkazia Muturi macho, kwamba anawaaibisha mbele ya wageni. Angejieleza kwa koo gani? Alitazama getini mara mbili, dada yake hakuonekana, akainua upinde.

Wacuka alifika getini akihema. Kwanza ilimjia harufu ya nyama iliyoachwa ikaungua. Kisha akaona.

Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Watu zaidi ya mia walikuwa wakiumizana kimya, kama watu wanaofanya kazi ya zamu. Mzee Katoo alikuwa amempigisha magoti mpwa wake, kijana wa dada yake, na anamshindilia rungu mgongoni, taratibu, moja, halafu nyingine. Mawifi wawili wa kikundi kimoja cha akina mama walikuwa wameshikana masikio, na hereni zilikuwa zimeshanyofoka na nyama. Mchomaji mbuzi alikuwa amekandamiza uso wa mtu kwenye makaa. Miguu ya yule mtu ilikuwa ikipiga vumbi… kisha haikupiga tena. Ledama, bwana harusi, alilala chali na damu mdomoni, akimkaba rafiki yake wa tangu shule.

Na juu ya hayo yote, uzi mmoja ukilia.

Muturi alikuwa akivuta na machozi yakimtoka. Ilionekana anataka kuacha, mkono hautaki. Ngozi ya vidole ilikuwa imekwisha na uzi umekuwa mwekundu. Alipomwona dada yake alifungua kinywa. Tundu la kooni likatoa hewa, basi.

Kisha Wacuka akamwona Wanjira. Alikuwa katika nguo yake ya ngurario, ushanga wa kina Ledama shingoni na kile kisu cha bega la mbuzi mkononi. Hakukimbia. Alitembea katikati ya watu, akielekea kwa mjomba wake.

Ilihitajika neno moja. Aseme *thaai*, wimbo upate mwenyewe, mikono ya watu ilegee na binti yake abaki bibi harusi. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Lakini naye alikuwa na masikio. Wimbo ulikuwa umeshamwingia.

Haukumwambia kitu kigeni. Ulimrudisha hospitali, jioni ile, kwenye mfuko wa nguo za Muturi aliopewa na nesi. Shati lilinuka pombe. Wacuka alilifua usiku ule ule, kabla polisi hawajaja kuuliza, kwa sababu alishampoteza mmoja na hakutaka kumpoteza wa pili jela. Alilisugua mpaka vidole vikachubuka. Miaka mitatu alimpakulia chakula mtu yule. Miaka mitatu, kila akiweka sahani mezani, alimchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, na hakuwahi kujua mpaka uzi ule ulipomwambia.

Muturi alikuwa bado anamtazama. Alikuwa akimwomba.

Wacuka akafunga mdomo.

Wanjira akafika. Kisu kiliingia juu kidogo ya lile tundu, kikatoka, kikaingia tena. Damu ilirukia ngozi ya wandindi. Upinde ukavuta mara nyingine mbili, peke yake ungesema, halafu uzi ukakatika.

"Thaai," Wacuka akasema, kwa sauti safi, wakati hapakuwa tena na wimbo wa kuuimbia.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Watu walitazama mikono yao. Mzee Katoo alimwinua mpwa wake akimlilia kwa Kimaasai, na bibi harusi aliketi chini akauliza hii ni damu ya nani.

Walizikwa watatu. Polisi waliandika ni pombe, ingawa pombe ilikuwa bado haijafunguliwa. Pasta alisema ni pepo. Ledama, aliyepona vibaya, humpelekea Wanjira chakula rumande kila Jumanne na hataki kuambiwa kuhusu mke mwingine. Kila mtu alimpa Wacuka pole kwamba alichelewa, angewahi hata dakika moja angewaokoa, na yeye akazipokea pole zote.

Katika mwezi wa pili wa rumande Wacuka aliruhusiwa kukaa na binti yake kwenye chumba cha wageni, meza kwa meza na familia nyingine. Wanjira alikuwa amekonda. Alikula kidogo, akaacha, akasema bila kumtazama.

"Nilikuona, mama. Ulikuwa umesimama getini."

Wacuka akamsogezea chakula.

"Mimi sikuweza kusimama. Lakini nilitembea polepole. Nilikuwa nakupatia nafasi uimbe."

Wacuka alifungua kinywa amjibu. Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema neno lolote lile. Kilichotoka kilikuwa chembamba, kirefu, na hakikuwa na neno hata moja ndani yake.

Kwenye meza ya pili, mama mmoja aliyekuwa akimlisha mwanawe chapati aliiweka chini, akafuta mikono, akaanza kumtazama yule mtoto.