Kinachokunywa Chini ya Jiko la Nang Salve

Delyo alikuwa anakwenda kununua madafu tu. Binti yake Jovelyn, mtoto wa miaka sita, alishikwa na kiu isiyokwisha, wiki ya tatu sasa. Hospitali walimpima sukari, wakampima figo, wakasema hana kitu. Hana kitu, na anaamka midomo imepasuka, anamaliza jagi zima, halafu anazidi kukonda. Delyo alikuwa amechoka kuogopa.

"We fundi."

Nang Salve, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Nang, yaani dada mkubwa, na kumwogopa, alisimama getini kwake, mikono kiunoni. Jua lilikuwa linazamia kwenye mashamba ya mpunga.

"Mita yangu inazunguka na koki zote nimefunga. Mabomba uliyalaza wewe."

"Nitakuja kesho, Nang. Mtoto anaumwa."

"Najua anaumwa nini. Ingia."

Delyo hakupenda alivyosema hivyo. Aliingia.

Alipiga magoti penye mita. Kisindano chekundu kilisogea, kikasimama... kikasogea tena. Hapo ndipo alipoanza kuona shida, kwa sababu bomba lililotoboka huvuja mfululizo.

Alifunga koki ya kukatia maji yanayokwenda bafuni, kisindano kikaendelea. Akafunga ya chooni, vilevile. Alipofunga ya jikoni, kikatulia.

"Ni jikoni," alisema.

"Wenzako wawili walifika hapo hapo. Wakaondoka bila kuaga."

Alifungua koki ile tena, akachukua nondo yake ya kusikilizia. Ncha moja aliiweka sakafuni, nyingine akaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alianzia chini ya sinki, akasogea kigae kwa kigae. Kimya. Kimya.

Kigae cha tano.

Gu... gu... gu... mmh.

Delyo aliitupa nondo.

Bomba likivuja hulia kama mtu anayepuliza kwenye meno. Hiki kilikuwa kitu kinachomeza. Mafunda matatu, halafu mguno mdogo wa puani. Ni mtu mmoja tu aliyemjua anayekunywa maji hivyo, na alikuwa amemwacha nyumbani na mama yake.

"Vunja," alisema Nang Salve.

Alivunja kwa nyundo na patasi, jasho likimwingia machoni. Simenti ilipoachia, harufu ikapanda. Haikuwa ya tope wala ya maji taka. Ilikuwa ya tangawizi, papai bichi, na kuku aliyechemka vizuri.

Alichimba kwa mikono. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Bomba lilikuwa zima, viungo vyake vizima, hata tone la maji hakuna.

Gu... gu... gu... mmh.

Sasa hakuhitaji nondo.

Nang Salve alichuchumaa kando ya shimo. Alinong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kubaya kuliko kufoka.

"Siku unalaza bomba hili, mume wangu alikupa jogoo mweupe. Umchinje hapa, damu iingie kwenye msingi, wenye ardhi wasioonekana wanywe, ndipo ufukie. Damu ulimwaga wapi?"

"Hapa hapa, Nang."

Gu, gu, gu, gu, gu.

Mafunda yalikwenda mbio. Delyo alimwona Jovelyn akilini, shingo yake nyembamba, jagi mikononi.

"Jibu vizuri," alisema Nang Salve. "Unamnywesha mwanao uongo wako."

"Ilikuwa rangi," alisema Delyo. "Rangi nyekundu ya mabati, nilimwaga kidogo mumeo aone. Mke wangu Merlinda alikuwa na mimba, na nyumbani hatukuwa na chakula. Jogoo tulimpika supu. Akanywa yote."

"Akanywa mke wako. Na aliyekuwa tumboni."

"Mtoto hana kosa." Aliinama hadi paji la uso likagusa udongo. Sasa alikuwa analia waziwazi. "Mwacheni. Nichukueni mimi."

Mafunda yakakoma.

Kule nje, kisindano kilikuwa kimesimama.

Nang Salve aliinuka, akajipangusa magoti. Hakuonekana kumhurumia. "Mume wangu alikufa amesimama hapo ulipopiga magoti, glasi ya maji mkononi. Fukia shimo langu, uende."

Delyo alifukia, akakimbia njia nzima. Merlinda alimpokea mlangoni anacheka na kulia.

"Amelala. Amekula wali, akalala. Jagi hajaligusa."

Kweli, Jovelyn alikuwa amelala fofofo, midomo imelainika, na jagi limejaa pomoni pembeni yake. Delyo alimbusu kwenye paji la uso. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kufurahi namna ile.

Alitaka kumwambia mkewe kitu. Neno halikutoka.

Koo lilikuwa limekauka.

Alichukua jagi, akanywa hadi likaisha. Akaenda kwenye ndoo.

"Delyo," Merlinda aliita, amesimama nyuma yake. "Mbona unanuka tangawizi?"

Simu ililia mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Nang Salve.

"Mita imeanza tena. Sasa huko chini kinameza kama mtu mzima."