Bibi Asiye na Damu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Felicitas alimtekea bibi yake maji huku akikariri mizizi ya maneno ya Kiingereza. Mwalimu Josia aliwafundisha kwamba maneno mengi yalitoka kwa Wagiriki.

"Tele ni mbali, foni ni sauti. Telefoni!" Felicitas aliimba, kana kwamba kijiji cha Izimbya kilikuwa na simu hata moja. Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika, na ajuaye Kiingereza aliheshimiwa. Felicitas aliipenda mno heshima hiyo.

Siku moja bibi alishikwa na kizunguzungu kibanjani, katikati ya migomba yake. Felicitas akampeleka zahanati. Dresa Saburi, mtoa dawa wa pale na mtu wa pwani, hakujua Kihaya, na bibi hakujua Kiswahili. Msichana akawa mkalimani.

"Bibi ana anemia," dresa alisema. "Damu yake imepungua. Ameze vidonge hivi, ale maharage na mboga za majani. Atapona."

Felicitas aliyasikia yote, ila neno moja tu ndilo lililomteka. An ni bila, emia ni damu! Kichwa kikamvimba.

"Amesema huna damu, Bibi."

"Hata kidogo?"

Felicitas hakuwa na hakika, lakini aliona haya kusema hajui. "Hata tone. Ndivyo neno lenyewe linavyosema."

Bibi alivifunga vidonge kwenye pindo la nguo yake, wakarudi nyumbani. Siku zilizofuata hakugusa vidonge, na chakula alikionja tu. Jumamosi Felicitas alikuta nguo ya magome ya mti imeanikwa uani.

"Ya nini, Bibi?"

"Ya kunizikia, mwanangu. Asiye na damu ni maiti."

Felicitas alipiga magoti, akamweleza maneno yote ya dresa, bila kuongeza wala kupunguza. Alijuta, akatamani angeumeza ulimi wake siku ile.

"Mawe! Mama yangu!" bibi alishangaa kwa Kihaya. "Na mimi nimekwisha kuwaaga watu moyoni." Akaomba maji, akameza vidonge. Kisha akasema, "Mgomba una mizizi, mjukuu wangu, lakini hatupiki mizizi, tunapika ndizi. Unapotumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa. Na usipojua, sema hujui. Kutojua si aibu, kujidai ndiko kungeniua."

Felicitas aliikunja ile nguo mwenyewe, machozi yakiidondokea.

"Usiilowanishe," bibi akamwambia. "Nitaihitaji siku moja, ila si leo."