Uzi wa Buluu

Tuseme wazi tangu mwanzo: Aurélie alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, mitihani na pikipiki za Ndosho, mtaa wa Goma, na zaidi ya yote alimwogopa baba yake, muzee Mulumeoderhwa, karani mstaafu kutoka upande wa Bukavu, aliyekwenda misa kila asubuhi na kunyoosha suruali zake mwenyewe.

Siku aliyokutana na Rachidi ilikuwa zamu ya kuogopa mtihani. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, darasa zima likigombania hadubini moja, na profesa alitaka watambue aina zote za tishu unganishi kwa kuziona tu. Basi Jumamosi moja ya mwaka 2020, amevaa blauzi nyeupe na kitenge cha kijani, alijipenyeza kati ya wateja kwenye kibanda cha nyama Ndosho, akaomba vitu visivyo na mnunuzi: sikio, koromeo, na ile kamba nyeupe ya nyuma ya goti la ng'ombe.

Muuza nyama alikuwa kijana mrefu mwenye aproni nyeusi na kofia ya kufuma, mtoto wa ukoo wa Maniema uliochinja tangu enzi za babu.

"Mama, hivi vyote ni vya mbwa," alisema. "Uko na mbwa ngapi?"

"Sina hata mumoja. Nawaogopa."

Rachidi alicheka, akafuta kisu, akaanza kumfundisha. Sikio lilikunjwa likarudi lenyewe, na Aurélie akasema hilo ni gegedu. Utando laini unaoshika ngozi na nyama aliutaja pia, na mafuta, na mfupa. Kano, ile kamba nyeupe, lilikuja mwisho. Rachidi alichukua kidole cha Aurélie akakiweka juu yake.

"Hii inangaa. Haina damu. Hata kisu kikali kinateleza."

Alifaulu mtihani. Akaendelea kwenda kibandani hata mitihani ilipokwisha, na mwaka mzima simu zao zilikuwa moto: Rachidi akimwita Docta, naye akimwita Profesa, hadi salio linakatika. Baba hakuambiwa lolote. Angeanzaje kumwambia kuhusu mkwe Mwislamu mwenye damu kwenye aproni?

Mei 2021 mlima wa moto ulio juu ya mji ukapasuka. Siku tano baadaye, ardhi ikitetemeka kila saa, watu wakaamriwa asubuhi na mapema kuondoka mjini. Rachidi alipiga simu: amepata nafasi tatu kwenye lori la binamu yake, moja ya Aurélie, moja ya muzee. Lori lilifika Himbi, mtaa wa kina Aurélie, likapiga honi mbele ya geti.

"Aurélie hayuko," muzee alimwambia Rachidi. "Ameenda na bateau ya Bukavu, iko tayari kwa ziwa."

Aurélie alikuwa nyuma ya pazia la sebule, begi mkononi, hatua nne kutoka mlangoni. Alisikia kila neno. Alimwogopa baba, akasimama pale pale mpaka mlio wa lori ukapotea. Baadaye aibu ilimzidi, akabadilisha namba ya simu.

Januari 2025 waasi waliingia Goma. Aurélie alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika hospitali iliyojaa majeruhi hadi kwenye veranda. Mchana, umeme umekatika na risasi zinalia barabarani, walimletea mwanaume aliyekatwa kiganja cha kulia na kipande cha bomu. Alimjua kabla ya kumtazama usoni. Aliijua ile mikono.

Docta Grégoire, mpasuaji pekee, alikuwa na matumbo ya watu yakimsubiri. Alimwachia Aurélie kazi moja: atie ganzi, asafishe, atafute ncha zilizokatika, azifunge alama, uzi wa buluu kwenye kano na mweusi kwenye neva. Yeye angepita kuziunganisha haraka, akifuata rangi tu. Kano likiungwa na neva, mkono umekufa.

Ncha mbili nyeupe zilikuwa mbele yake, zimelowa damu, zinafanana. Alishika uzi wa buluu, hakujua pa kuufunga.

"Docta," Rachidi alisema, midomo mikavu, "leo unataka kilo ngapi?"

Bomu lilianguka karibu, vioo vikatetemeka.

"Sikukasirika, unajua," aliendelea. "Ile bateau. Kila mutu alikimbia namna aliweza."

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amezoea.

"Sikupanda bateau," alisema. "Nilikuwa ndani ya nyumba. Nilikusikia."

Rachidi aligeuza macho kwenye dari. "Nilikutafuta Bukavu wiki mbili," alisema polepole. Kisha: "Fanya kazi yako. Angalia yenye inangaa."

Aurélie alifuta damu. Moja iling'aa kidogo zaidi, lakini hakuthubutu kuamini macho peke yake.

"Kunja kidole."

Ncha moja ikajivuta kuelekea kiwikoni, kama kano linavyovutwa na msuli. Nyingine haikusogea. Akaifunga ile ya kwanza uzi wa buluu, na ile ya pili uzi mweusi.

Wiki nyingi baadaye, plasta ilipotolewa, Rachidi alimuuliza swali moja tu: "Nikikuja tena kwenu, utakuwa wapi?" Aurélie alikusanya vipande vya plasta. Aliogopa kuahidi.

Alikuja Jumapili, baada ya misa, amevaa shati jeupe na kofia safi. Aurélie alimwona kutoka nyuma ya pazia lile lile. Muzee alifungua geti nusu.

"Aurélie hayuko," alisema.

Aurélie aliogopa kama ile siku ya mlima. Hata hivyo alitembea zile hatua nne, akatoka mlangoni, akafika uani.

"Niko hapa, papa," alisema. "Na ile siku pia nilikuwa hapa. Fungua geti."

Muzee alimtazama binti yake, kisha akafungua geti lote. Upande wa pili, Rachidi alikuwa ameshika chuma cha geti kwa mkono wa kulia, na kidole chake kilichopona kilikuwa kimekunjika vizuri kukizunguka.